Swichi ya Bibi Namkunda

Kama umewahi kukaa kwenye kamati ya harusi, nusu ya kazi yangu unaijua. Chukua kamati hiyohiyo, na mwenyekiti wake, katibu wake, maji yake ya chupa na yule mjumbe anayeanza kila hoja kwa "mimi nitakuwa na machache tu", halafu badala ya kuipa ukumbi na keki, ipe mtoto ambaye hajazaliwa. Hiyo ndiyo kamati ya mimba. Zilianza mijini, zikapanda milimani, na siku hizi hakuna ukoo unaojiheshimu unaokubali mimba ikue hivihivi bila kikao.

Mimi ni mkaguzi. Jina langu ni Aikande Mlay, daktari wa jeni katika Kituo cha Majaribio ya Swichi hapa Same, mahali ambapo upepo hauna adabu na mimi ni Mchaga peke yangu katikati ya Wapare. Kabila nalitaja kwa sababu litakuja kunihusu. Wapare na Wachaga ni watani, na mtani hana ruhusa ya kununa. Siku ya kwanza naripoti kazini, mlinzi wa getini aliniuliza kama hawa nzi wa maabara nao nimekuja kuwafungulia duka. Nikamwambia nimewaonjesha makande ya kwenu, wamegoma kula. Tangu siku hiyo tunasalimiana vizuri.

Sheria inasema kwamba kabla mama hajafungwa tumboni mkanda wa swichi, ule unaowasha jeni za mtoto kama kamati ilivyotaka, mpango wote wa kamati ujaribiwe kwanza kwenye yai la nzi wa matunda. Watu hushangaa: nzi na mtoto wa mtu wapi na wapi? Lakini zile jeni zinazogawa mwili, huku kichwa, huku mgongo, huku mkia, sisi na nzi tumezirithi kwa mzazi mmoja wa kale sana, na hakuna upande uliozibadilisha sana. Kila swichi ya binadamu ina ndugu yake kwa nzi. Ukitaka mtoto mrefu, kwa nzi utaangalia miguu. Ukitaka mwanya, utaangalia nafasi kati ya vinywele vya mgongoni. Nzi akiharibika, mpango haufiki kwa mtoto. Nzi akitoka mzima, kamati ikamwona kwa macho yake na ikaridhika, mimi napiga muhuri na mkanda unafungwa.

Ukoo wa Mrutu walikuja Jumanne, wanakamati wanne, na hotpoti la makande.

Mzee Eliamini, mwalimu mkuu mstaafu, ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Mtoto wake Mbonea ndiye mwenye mke mjamzito. Shangazi Naetwe, mdogo wake Mzee Eliamini, alikuwa katibu. Kiangi, kitinda mimba wao, alikuwa mjumbe wa kawaida, na cheo hicho hakikumfurahisha. Mama wa ndugu hao watatu, Bibi Namkunda, alikuwa mlezi wa kamati, maana yake haongei sana ila akikohoa kikao kinasimama. Mbonea mwenyewe alikuwa Mtwara kikazi. Alihudhuria kwa simu iliyoegemezwa kwenye chupa ya maji, sauti imezimwa, na muda wote nilimwona akitikisa kichwa kukubali.

Mwenye mimba hakuwa mjumbe. Aliitwa Nakiete, fundi wa pampu za maji, na aliketi kwenye benchi nje ya mlango. Nilipouliza kwa nini haingii, Mzee Eliamini alinieleza kwa upole, kama anavyoelezwa mgeni, kwamba mwenye shughuli hajipangii shughuli.

"Daktari, sisi tumeshamaliza kila kitu," akasema. "Urefu ni wangu. Vijana wa ukoo huu wanakataliwa jeshini kila mwaka kwa sababu ya kimo, na mimi nimechoka kufariji watu."

"Mimi mwanya," akasema Shangazi Naetwe. "Awe wa kike, awe wa kiume, mwanya hauna hasara."

"Vishimo vya mashavuni," akasema Kiangi. "Nilitaka urefu, nikaambiwa umeshachukuliwa."

Nikamgeukia Bibi. Alikuwa anatunga uzi kwenye sindano, bila miwani. Alifanyiwa upasuaji wa macho mwaka jana na tangu hapo anajionyesha.

"Yangu nimeiweka," akasema. "Nitaisema nikiona cha kusemea."

Nikauliza swichi hizo zitawashwa kwa mpangilio gani. Wakatazamana.

"Zote kwa pamoja," akasema Mzee Eliamini. "Tulilijadili hilo siku mbili. Mimi ndiye mkubwa, lakini Naetwe ndiye amehangaika na simu, na Kiangi ndiye aliyeleta gari. Nani utamwambia swichi yake ije ya pili? Tukaona haki ni kuwasha zote mara moja, asidharaulike mtu."

Hapo ndipo ilipo kasoro ambayo ukoo mwingine wowote ungeweza kuikwepa, na hawa wasingeweza. Sikubishana nao. Nimejifunza kwamba wazee hawabishiwi, huonyeshwa.

Nikaweka yai chini ya hadubini na kubonyeza kitufe chekundu kilicho pembeni, kile kinachotupa picha ukutani watu wote waone. Yai la nzi ni dogo kuliko punje ya ulezi. Ukutani lilikuwa kubwa kama godoro, na jeni yoyote inayowaka ndani yake inang'aa kijani.

"Sasa hivi bado linafuata maagizo ya mama yake," nikawaambia. "Kabla hajalitaga, mama ameweka ujumbe upande huu unaosema kichwa kiwe hapa. Ujumbe ni mwingi huku, unapungua kadiri unavyoelekea mkiani. Yai linapima wingi wake na kujua mbele ni wapi. Baadaye maagizo ya mama yanafutwa, na yai linaanza kusoma jeni zake lenyewe."

Zikawaka sehemu tatu nne kubwa, zikiwa na kingo za ukungu. Kisha, taratibu, ikatokea milia saba iliyonyooka, kijani, giza, kijani, giza. Nimeiona mara nyingi mno na bado huwa nasogeza kiti nitazame. Hakuna aliyeichora.

"Nani kaiwasha?" akauliza Kiangi.

"Zile sehemu kubwa. Jeni hizi zote ziko katika kila kiini cha yai, hazipungui mahali wala kuzidi. Kinachotofautiana ni ipi imewashwa. Angalia mstari huu wa pili. Swichi yake ina wanaoisukuma iwake, na ina wanaoivuta izime. Huku kushoto wanaozima wamejaa, huku kulia wamejaa wengine. Hapa katikati tu ndipo wanaowasha wameshinda, kwa hiyo mstari unatokea hapa na si kwingine."

"Kumbe nacho ni kikao," akasema Kiangi.

"Ni kikao," nikasema. "Ila hiki kinajua ajenda ipi inatangulia."

Mzee Eliamini akakohoa. "Daktari, samahani. Hiyo picha ya ukutani. Si adabu sote tuone kwa mpigo na mama yupo hapa. Kuanzia sasa tuangalie kwenye tundu, mmoja mmoja, kwa ukubwa. Aanze yeye."

Nikazima picha. Nikawasha swichi zao zote tatu kwa pamoja, kama walivyotaka, nikaliingiza yai kwenye jiko. Tunaliita jiko kwa sababu linaharakisha mambo: yai linaingia, na kwa muda wa kula makande na kunywa chai anatoka nzi kamili. Ilipolia kengele nikampoza nzi kwa baridi ili alale, nikamweka chini ya hadubini. Bibi Namkunda akainama, akazungusha kirungu mwenyewe hadi picha ikakaa sawa.

"Ana miguu kichwani," akasema.

Ni kweli. Pale pa kuota vipapasio paliota miguu miwili mizima, yenye vifundo na kucha. Jeni inayosema "hapa mguu" iliitwa mahali ambapo ilipaswa kuzimwa, kwa sababu watu watatu waliongea kwa wakati mmoja.

"Sita ya kutembelea, miwili ya kufikiria," akaendelea Bibi. "Huyu tumwite Mwenyekiti."

Mzee Eliamini alivumilia. Mama ni mama. Mimi nikamtia Mwenyekiti kwenye chupa yenye ndizi, nikamweka dirishani, na mpango nikaukataa.

*

Kikao cha pili kilikuwa kifupi na kibaya. Walikuwa wameamua kufuata mpangilio, lakini mpangilio waliouchagua ulikuwa wa kuzaliwa kwao: urefu kwanza kwa sababu Mzee Eliamini ndiye mkubwa, halafu mwanya, halafu vishimo. Niliwaambia urefu ni jambo la mwishoni, kwamba huwezi kurefusha mguu wakati bado haijaamuliwa mbele ni wapi. Mzee Eliamini akaniuliza kama kwetu Machame mkubwa anakula baada ya watoto.

Yai lile hata jiko halikumaliza nalo. Swichi ya urefu iliufuta ule ujumbe wa mama wa upande wa kichwa, na yai likaamini pande zote mbili ni nyuma. Bibi aliangalia kwa muda mrefu.

"Mikia miwili," akasema. "Kichwa hakipo."

"Angalau ana mkia wa akiba," akasema Kiangi, na Shangazi Naetwe akamwambia kama hana la maana akae nje na Nakiete.

Wakaanza kulaumiana. Muda wa kufunga mkanda ulikuwa unakwisha, mimba ikipita hapo swichi hazishiki tena. Walinitia hasira kwa sababu mpango wao, ukiutazama vizuri, haukuwa mgumu. Mtu yeyote mwenye elimu yangu angeupanga asubuhi moja. Nami nina kiburi cha kazi, sikatai.

"Niachieni mimi nipange," nikasema. "Njooni Ijumaa mje mwone tu."

Mzee Eliamini alinishika mkono kwa mikono miwili. Nje ya mlango Nakiete alikuwa amesimama, na hakunishika mkono.

*

Ijumaa niliwahi kazini. Nikaliacha yai lifanye mambo yake kwanza: maagizo ya mama, sehemu kubwa, milia saba. Ilipotulia ndipo nikaita swichi moja moja, kila moja mahali pake na wakati wake, urefu mwisho kabisa. Alitoka nzi mzuri kuliko wote niliowahi kuwaona. Miguu mirefu, vinywele vya mgongoni vimeachana katikati kwa nafasi safi, na vishimo viwili vidogo kila upande wa kichwa. Nilikuwa naimba mlango ulipogongwa.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba, Nakiete. Karibu. Wenzako bado."

"Najua. Nimetangulia makusudi." Aliangalia hadubini. "Ni mzima?"

"Mzima kabisa."

Akavuta kiti akakaa. Nilitegemea shukrani, na sura yake haikuwa ya shukrani.

"Kwani hutaki?" nikauliza.

"Nani ameniuliza?"

"Mimi nakuuliza."

"Sitaki."

Nikamwambia sheria inampa haki ya kukataa, aseme neno moja mbele yangu na mkanda haufungwi.

"Sheria naijua," akasema. "Lakini sheria haitakuja kukaa na mimi jikoni kwa baba mkwe. Mtoto akichelewa kutembea, ni kwa sababu nilikataa. Akifeli hesabu, nilikataa. Akipata mafua, si alikataa zawadi ya wazee yule? Nitasikia hivyo hadi nizeeke."

"Lakini ubaya wa mpango wenyewe ni nini? Urefu, mwanya, vishimo. Hakuna sumu hapo."

"Hakuna." Akatabasamu, na nikaona kwa mara ya kwanza kwamba ana mwanya. "Huu naupenda, Daktari, kwa sababu hakuna aliyeukalia kikao. Ulikuja wenyewe, mama yangu akashangaa. Anausimulia hadi leo. Nataka na mimi nishangae."

Yeye akageukia dirishani, kwenye chupa.

"Mwenyekiti bado yuko hai?"

"Yuko hai. Anakula kunizidi."

"Ukimweka yeye hapo chini ya hadubini, nani atajua?"

Nilikasirika, kisha nikajikuta siwezi kumkasirikia. Nikamweleza muhuri wangu ni kitu gani. Mwaka juzi ukoo mmoja kutoka milimani walinisihi nipitishe mpango uliomtoa nzi bila macho. Walisema nzi ni nzi tu. Niliwakatalia mpaka wakalia, na leo mtoto wao anaona vizuri. Walinikubali kwa sababu moja: walijua muhuri huu haujawahi kudanganya mtu. Nikiudanganyisha leo kwa huruma, kesho nitamwambia nini atakayekuja na tamaa?

"Kwa hiyo ni hapana," akasema.

"Sijui," nikasema, na ilikuwa kweli.

Gari lilisikika getini. Nakiete akarudi kwenye benchi lake. Nikamtia nzi mzima kwenye kichupa nikakiweka mfuko wa kulia wa koti. Mwenyekiti nikamhamishia kwenye kichupa kingine, mfuko wa kushoto. Sijawahi kujichukia kwa kuwa hodari kazini kama asubuhi ile.

*

Kikao kilifunguliwa kwa sala. Mzee Eliamini aliomba kwa kirefu, akamshukuru Mungu kwa hekima ya wataalamu, na mimi nikawa natazama viatu vyangu. Walikuwa wamevaa vizuri. Mkanda wa swichi waliuleta kabisa, umefungwa kwenye kanga mpya, na Shangazi Naetwe aliupakata muda wote. Simu ya Mbonea iliegemezwa kwenye chupa. Mlango uliachwa wazi, na kutoka nilipokaa nilimwona Nakiete, mikono imeshika ukingo wa benchi.

"Daktari, tuko tayari," akasema Mzee Eliamini.

Mkono wangu ulikwenda mfuko wa kulia, ukamtoa nzi mzima na kumweka chini ya hadubini. Ningependa kusema nilipima mambo nikaamua. Sikupima. Nimeweka nzi wa kweli chini ya hadubini hii tangu nianze kazi, na mkono haukujua njia nyingine. Nilimwomba Nakiete msamaha kimoyomoyo, na nilijua msamaha wa namna hiyo haumfai mtu.

Bibi Namkunda akainama. Akazungusha kirungu. Akakaa pale kwa muda mrefu hata Kiangi akaanza kusogeza miguu. Kisha akainua kichwa, akanitazama mimi, akatazama mlangoni, akamtazama Nakiete kuanzia usoni mpaka mikononi. Akarudi kuinama tena.

"Ana miguu kichwani," akasema.

Nilifungua mdomo kumsahihisha. Mzee Eliamini alikuwa ameshasogea, kwa maana zamu ilikuwa yake. Aliangalia, akatoa miwani, akaifuta, akaangalia tena. Niliona mgongo wake ukihangaika. Mle ndani kulikuwa na nzi asiye na dosari yoyote, na nyuma yake alikuwa mama yake mzazi, ambaye yeye Eliamini hajawahi kumbishia tangu azaliwe.

"Naam," akasema mwishowe. "Mama ameona vizuri. Na huu mwanya wa Naetwe naona umekaa upande."

"Mwanya?" Shangazi Naetwe akamsogeza kaka yake kwa bega. Akaangalia. "Mwanya uko sawa, kaka. Ila hiyo miguu uliyoitaka wewe, mmoja naona unaelekea Mombo."

"Nipisheni," akasema Kiangi, akainama. "Vishimo vyangu mmevipeleka wapi? Mimi naona miguu tu. Imejaa."

Kwenye simu, Mbonea alitikisa kichwa kukubali.

"Daktari," akasema Mzee Eliamini, na sauti yake ilikuwa nzito, "wewe ndiye mtaalamu. Tuambie wewe."

Nje, Nakiete alifumba macho. Hapo hapakuwa na mkono wa kunisaidia, nilitakiwa kusema kwa mdomo wangu. Nikamfikiria yule mtoto wa milimani na macho yake.

"Nzi ni mzima," nikasema. "Hana kasoro. Miguu yote iko mahali pake."

Wakanitazama. Kisha Kiangi akaanza kucheka, taratibu kwanza, halafu kwa sauti.

"Mchaga huyo," akasema. "Anataka kuwauzia Wapare nzi mbovu."

Shangazi Naetwe akashika mbavu. Hata Mzee Eliamini, mwenyekiti, mwalimu mkuu mstaafu, akainamisha kichwa mezani, mabega yanatikisika.

"Sitanii," nikasema. "Nasema kweli."

Ikawa mbaya zaidi. Mtani akisema hatanii ndipo utani unapokolea. Kiangi alilia machozi. Aliniambia mtani leo umetuweza, na kwamba kwetu hata nzi mwenye mikia miwili angepata mteja. Nilikuwa nimesema ukweli mara mbili, mbele ya mashahidi, na hakuna aliyeupokea.

Kitufe chekundu kilikuwa karibu na kidole changu. Ningekibonyeza tu, nzi yule angetokea ukutani, mkubwa kama godoro, na kichwa kitupu kisicho na mguu hata mmoja. Wasingeweza kucheka tena. Wangemwona mama yao kuwa mwongo, mkanda ungefunguliwa kwenye kanga, na Nakiete angeitwa ndani kwa mara ya kwanza.

Sikukibonyeza. Nilijiambia sheria inataka kamati iridhike kwa macho yake, haisemi mkaguzi ayalazimishe hayo macho. Najua hiyo ni hoja ya wakili. Nimeitafakari mara nyingi tangu siku ile na bado inaniwasha, na bado ningefanya hivyohivyo.

"Basi," akasema Mzee Eliamini alipopata pumzi. "Mama ameona, na sisi tumeona. Mpango umeshindikana na muda umekwisha. Mtoto atakuja kama tulivyokuja sisi. Kuna mengineyo?"

Hapakuwa na mengineyo. Nakiete alikuwa amejifunika uso kwa kitambaa cha kichwani, na Shangazi Naetwe alitoka kwenda kumfariji, akamwambia asilie, hata yeye Naetwe alizaliwa bila mpango na ameishi.

*

Walipokwenda kupakia gari, Bibi alibaki nyuma kumalizia chai yake.

"Bibi," nikasema, "macho yako yana nini?"

"Hayana kitu. Si umesema mwenyewe kwamba nzi ni mzima? Basi tuko wawili."

"Umewadanganya wanao."

"Nimewadanganya. Wewe je? Ile taa ya ukutani iliharibika?"

Nikatazama kile kitufe chekundu. Akacheka kidogo, akaweka kikombe chini.

"Mbonea alipozaliwa nilimwita mume wangu," akasema. "Alikuja na masikio yale ya marehemu babu yake, makubwa. Mpaka leo akija kunisalimu namuuliza upepo wa Same umemwachaje. Yeye ananiuliza meno yangu nimeyakopesha nani. Hivyo ndivyo tunavyopendana, hatuna njia nyingine. Sasa huyu wanataka kuniletea mume aliyepangwa kila kitu. Nikimtania miguu, nimemtukana Eliamini. Nikimtania meno, Naetwe ananuna. Nikimtania mashavu, Kiangi ananinyima gari. Mume asiyetanika nitakaa naye vipi?"

"Na yule binti?"

"Binti nilimwona pale mlangoni." Alijikongoja kusimama, nikampa mkono. "Mimi nililetwa kwa watu hawa nikiwa mdogo kuliko yeye. Hakuna aliyeniuliza kitu."

Mlangoni nikakumbuka.

"Swichi yako, Bibi. Hukuitaja."

"Nimeshaitumia," akasema. "Wenzangu kila mtu alitaka ya kuwasha. Yangu mimi nimezima."

*

Mtoto alizaliwa mwanzoni mwa mvua. Nilikwenda kumwona nikiwa na kanga na ndizi za kwetu, ili Kiangi apate la kusema, na alilisema. Mzee Eliamini alikuwa amempakata mjukuu wake karibu na dirisha, anamgeuzageuza kwenye mwanga.

Ni msichana. Ana masikio makubwa sana.

Bibi Namkunda alikuwa analalamika kwa kila mgeni aliyeingia. Amengoja mume miezi yote ile, akasema, ameletewa mke mwenza, tena anayesikia mpaka Moshi. Na yeye mke mwenza hamtaki, atamfukuza mwenyewe akipata nguvu za kuinuka. Aliyasema haya yote akiwa amenyoosha mikono apewe mtoto.

Nikamuuliza Nakiete anajisikiaje. Aliangalia yale masikio, akaniangalia.

"Nimeshangaa," akasema.

Kuhusu mwanya, hakuna anayejua. Kila Jumapili wakitoka kanisani Shangazi Naetwe humfungua mtoto mdomo kwa kidole, anachungulia, na kila Jumapili ni ufizi mtupu. Ukoo mzima unangoja.